Nyuzi Nane, Hatua Nane: Je, Tangerine Dream ya Sasa Inaifikia ya Kale?

Mwambie shabiki wa Tangerine Dream, kundi la Kijerumani la muziki wa elektroniki, kwamba kundi lake lilikufa mwaka 1977 Peter Baumann alipoondoka, na chai yako itapoa kabla hajamaliza kukujibu. Atakutajia albamu ya Tangram ya 1980. Wa pili atasema kifo kilikuja 1987, Christopher Franke alipofunga virago. Wa tatu, na huyu ndiye mkali kuliko wote, atasema tarehe inajulikana na haina mjadala: 20 Januari 2015, siku mwanzilishi wake, Edgar Froese, alipofariki Vienna. Kwake yeye, kila kilichotolewa kwa jina hilo tangu siku hiyo ni duka linaloendelea kuuza baada ya mwenyewe kuzikwa.

Kwetu Kisumu mabishano haya yana sura yake. Vijana wamelijua jina hili kwenye vibanda vya PlayStation, kwa sababu Froese na wenzake ni miongoni mwa waliotunga muziki wa mchezo wa GTA V mwaka 2013. Wakubwa wamelijua kupitia kanda za video za miaka ya 1980, filamu ambazo majina yake yameshasahaulika lakini ule mdundo unaozunguka chini ya picha haujasahaulika. Mmoja anasikiliza kwa simu na bando la siku. Mwingine ana flashi iliyojazwa nyimbo dukani, ambazo zilitolewa kwenye video, na video yenyewe ilitolewa kwenye kanda. Halafu wanakaa chini na kubishana kana kwamba wamesikia kitu kimoja.

Ninachosema ni hiki: nusu ya mabishano haya si ya muziki, ni ya spika, chumba na ukubwa wa sauti. Ukiiondoa nusu hiyo, linabaki swali dogo zaidi, na swali hilo lina jibu.

Majina kwanza, upesi

Froese alilianzisha kundi Berlin Magharibi mwaka 1967. Albamu ya kwanza, Electronic Meditation ya 1970, haina hata sintesaiza, ile mashine inayotengeneza sauti kwa umeme. Ni gita, ogani, selo, ngoma na kanda zilizochezewa. Wanaopaza sauti kwamba kundi lirudi kwenye asili yake hawamaanishi huko. Wanamaanisha miaka mitatu tu: Phaedra (1974), Rubycon na Ricochet (zote 1975), na Stratosfear (1976). Hao walikuwa Froese, Franke na Baumann. Phaedra ilifika nafasi ya 15 Uingereza, jambo la kushangaza kwa albamu isiyo na mwimbaji na ambayo kipande chake kikuu kinapita dakika 17.

Kisha ikaja Cyclone ya 1978, Steve Jolliffe akiimba na kupiga filimbi, na kelele zikaanza. Lalamiko la "hawa si wale" lina umri mkubwa kuliko wengi wanaolitoa leo. Baadaye akaja Johannes Schmoelling, akakaa mpaka 1985, na wako watu wazima wenye akili timamu wanaoapa kwamba kipindi chake ndicho bora kuliko vyote. Miaka ya 1990 ilileta saksofoni, sauti za kunakiliwa na ngoma za mashine zisizopumua. Kama kuna wakati wa kulalamikia, ni ule, si huu wa sasa. Cha kuchekesha ni kwamba uteuzi kadhaa wa Grammy ulikuja miaka hiyo hiyo.

Kundi la leo linaongozwa na Thorsten Quaeschning, aliyeingia 2005. Hoshiko Yamane, mpiga fidla ya umeme, aliingia 2011. Ulrich Schnauss alikuwepo kuanzia 2014 hadi 2020, nafasi yake ikachukuliwa na Paul Frick. Mtoto wa Froese, Jerome, ambaye mwenyewe alikuwa kundini kuanzia 1990 hadi 2006, alitangaza hadharani kwamba kundi lilikufa na baba yake. Mjane wa Froese, Bianca Froese-Acquaye, alishika upande wa kuendelea. Familia moja, hukumu mbili. Swali lenyewe si geni kando ya Ziwa: D. O. Misiani, nguli wa benga, alipofariki hapa Kisumu mwaka 2006, jina la bendi yake, Shirati Jazz, lilibaki mikononi mwa nani, na kwa haki gani? Mahakama ya masikio haijawahi kulimaliza.

Mashine ya hatua nane

Nyatiti, kinubi cha Wajaluo, ina nyuzi nane. Sikwensa ya Moog iliyobeba Phaedra, yaani mashine inayorudia mlolongo wa noti yenyewe, ni moduli inayoitwa 960, nayo ina safu tatu za vifundo vya kuzungusha, na kila safu ina vifundo vinane. Sitaki kuifanya sadfa hii kuwa nadharia, lakini inasaidia sana kwa sikio la huku. Anayemsikiliza mpiga nyatiti hangojei kiitikio kama cha redio. Anajua kwamba kifungu kitazunguka, oduong'o, pete ya kidole cha mguu, itagonga mbao, gara, yaani njuga, zitalia mguuni, na utamu uko pale ambapo uzi mmoja unarukwa, au mkazo unahama kutoka pigo la kwanza kwenda la tatu. Phaedra inasikilizwa vivyo hivyo. Anayengoja melodi atakuwa amelala kufikia dakika ya nne.

Kila kifundo cha sikwensa kinatoa volti fulani, na volti hiyo inaiambia osileta, sehemu inayotoa mlio, ilie noti gani. Kanuni ya Moog ni volti moja kwa okitava moja, kwa hiyo nusu toni ni volti moja ikigawanywa kwa kumi na mbili, yaani karibu milivolti 83. Kugusa kifundo kwa ncha ya kidole kunatosha kuihamisha noti. Mashine ikipita hatua nane kwa sekunde moja, mzunguko mzima ni sekunde moja, na katika dakika 17 utasikia mizunguko zaidi ya elfu. Hakuna binadamu anayeweza kuvumilia mizunguko elfu iliyofanana. Basi Franke alikuwa kazini muda wote: anazungusha kifundo kimoja huku mashine inakimbia, anakizima kingine, anafungua filta, kichujio cha sauti, kidogo kidogo, anahamisha mlolongo mzima juu na kuurudisha. Mashine haina kumbukumbu. Waya ukichomolewa na vifundo vikasogezwa, sauti ile imekwenda na hairudi.

Halafu kuna joto. Saketi inayobadilisha volti kuwa noti hubadilika kwa takriban theluthi moja ya asilimia kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ikiwa haina fidia. Inasikika kama kitu kidogo. Lakini chukua noti iliyo okitava tatu juu ya pale mashine ilipopimiwa: nyuzi nane za joto zinatosha kuiteremsha karibu nusu toni nzima. Nakuru hupata tofauti hiyo kati ya asubuhi na adhuhuri bila kujitahidi. Studio iliporekodiwa Phaedra, Uingereza mwishoni mwa 1973, haikuwa na jua la Nakuru, lakini mashine yenyewe hujipasha ikiwaka. Osileta zikaanza kuteleza katikati ya kipande, na mtelezo huo umo kwenye albamu. Yale mabadiliko yanayosikika kuelekea mwisho, noti zikisuguana na kutengana, kwa sehemu ni kasoro ya vifaa. Mashabiki wanaisifu kasoro hiyo kama hekima, na kwa maoni yangu hawakosei, kwa sababu wanamuziki waliisikia ikitokea na wakaamua kuiacha.

Sasa hivi mlolongo unaweza kuwa na hatua 64 au zaidi, umehifadhiwa kwenye faili, unafunguliwa kesho ukiwa vile vile. Kundi la leo bado linatumia mitambo ya nyaya na vifundo, tena mingi, lakini kompyuta iko chini ya yote na hairuhusu kitu kuteleza bila ruhusa. Nyatiti ilipita njia hiyo pia. Nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Leo ni nailoni ya kuvulia samaki, haikatiki ovyo na haibadiliki sana unyevu ukipanda. Wazee wakasema sauti imekufa. Sauti haikufa. Kilichokufa ni ile kazi ya kukaza uzi katikati ya sherehe, na kumbe sehemu ya sauti ilikuwa ndani ya kazi hiyo.

Sauti kabla ya muziki

Mtu hawezi kulinganisha 1975 na 2022 kwenye chumba kinachodanganya. Na vyumba vyetu vinadanganya sana.

Anza na chumba cha futi kumi kwa kumi, kile ambacho nusu ya mji umekipanga. Futi kumi ni mita 3.05. Kwa joto la Kisumu mchana, sauti hupita takriban mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo mawimbi yanayojikunja kati ya kuta mbili zinazotazamana hukutana karibu na hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Noti ya A ya chini kabisa kwenye gita la besi ni hezi 55. Maana yake kila mlolongo unapopita kwenye A hiyo, chumba kitanguruma. Ukipita noti ya jirani, kitanyamaza. Na kwa kuwa chumba ni cha mraba, urefu na upana vinafanya kosa lile lile kwa pamoja, kwa hiyo ngurumo inakuwa maradufu. Shabiki anasema, "Skia besi ya zamani ilivyokuwa nzito!" kumbe kipande cha zamani kiko kwenye ufunguo unaopendwa na ukuta wake.

Usikae katikati kabisa ya chumba, maana hapo noti hiyo hupotea. Usikae umeegemea ukuta, maana hapo ndipo inapojaa. Kaa kama theluthi moja ya urefu kutoka ukuta wa nyuma. Godoro lililosimamishwa ukutani nyuma yako husaidia sauti za juu zisirudi, lakini halifanyi lolote kwa besi, kwa hiyo usijipe moyo bure.

Pili ni wufa. Wufa nyingi za nyumbani huja na spika mbili au tatu ndogo za kando, na spika hizo haziwezi kushuka chini vya kutosha. Mahali fulani kati ya hezi 100 na 200 kazi inakabidhiwa lile sanduku kubwa. Hapo ndipo mlolongo wa Tangerine Dream unapoishi, kati ya hezi 55 na 220 hivi. Matokeo yake ni kwamba mlolongo mmoja wa hatua nane unakatwa vipande viwili: noti tano zinatoka kwenye sanduku lililoko kona karibu na mlango, noti tatu zinatoka juu ya kabati la televisheni. Ule mviringo unaofanya muziki huu uwe muziki unavunjika. Muziki mpya, wenye ngoma, melodi na sauti nyingi za juu, hauumii sana kwa jambo hili. Wa kale huumia mno, maana mara nyingi mlolongo ndio kila kitu. Kwa hiyo chombo kile kile kinaipendelea Quantum Gate, albamu ya 2017, na kuionea Rubycon, na mwenye chombo hajui.

Kuna kipimo cha bure. Tengeneza kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, mlio mmoja unaopanda polepole kutoka hezi 40 hadi 250 kwa sekunde 60, uucheze kwa sauti ya kawaida, ukiwa umekaa pale utakaposikilizia. Andika sekunde ambazo unavimba na sekunde ambazo unazama. Ondoa wufa kwenye kona, maana kona ni kuta mbili na sakafu, na kila kimoja kinaongeza besi. Isogeze angalau nusu mita kutoka kila ukuta, iweke kati ya spika mbili ndogo, na rudisha kifundo cha besi nyuma kidogo ya katikati. Zirudie sekunde 60. Mara mbili tatu na utaona mabonde yanapungua. Hayaishi, yanapungua. Spika mbili ndogo na kichwa chako ziwe pembetatu yenye pande sawa, mita mbili kwa mita mbili ikiwa nafasi ipo.

Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, huo mara nyingi ni stima, yaani umeme wa nyumba: hezi 50, jirani wa mlango wa noti ya G ya chini, ambayo ni 49. Kwenye muziki wa taarabu utausahau. Kwenye Zeit ya 1972, yenye dakika nyingi za sauti ndefu zisizo na mdundo, utadhani ni sehemu ya utunzi. Chomoa chaja ya laptopu na ucheze kwa betri. Mara nyingi mvumo huondoka hapo hapo, kwa sababu njia ya pili ya kwenda ardhini imekatwa.

Halafu zima kila kitu kwenye simu kinachoahidi kuboresha sauti: ikwalaiza, sauti ya pande tatu, kuongeza besi. Bluetooth yenyewe si adui mkubwa kama watu wanavyodhani. Adui ni faili. MP3 ya kilobiti 128 iliyotolewa kwenye video huikata sauti ya juu na kuacha ukungu unaozunguka, na ukungu huo hukaa hasa juu ya Mellotron, ile ala ambayo kila kibonyezo kinaburuta utepe wake wa sumaku wa sekunde nane hivi. Kilobiti 320 zinatosha. Saa nzima kwa kiwango hicho ni megabaiti 144. Phaedra yote haifiki 100. Si bando la kumfilisi mtu.

Ukubwa wa sauti, chanzo cha ugomvi mwingi

Sikio hupenda kinacholia kwa nguvu. Tofauti ya desibeli moja, ambayo mtu hataitambua kama "kubwa zaidi", inatosha kumfanya aseme "hii ina uhai zaidi". Albamu za sasa hukazwa zaidi kiwandani kuliko za 1975. Ukizicheza bila kupima, mpya itashinda dakika ya kwanza na itachosha dakika ya ishirini. Watu wa upande wa kale hukumbuka uchovu. Watu wa upande mpya hukumbuka dakika ya kwanza.

Spotify husawazisha vipande karibu na kiwango kimoja, LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), isipokuwa umekizima kipengele hicho. YouTube hupunguza kilichozidi lakini haipandishi kilichopungua, kwa hiyo Rubycon ya zamani itabaki chini na Raum, albamu ya 2022, itasimama juu yake. Hapo peke yake pana mabishano ya usiku mzima.

Dawa ni kupima mwenyewe. Ukiwa na faili halali, zifungue kwenye Audacity, tumia kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti, na uweke -20. Usiweke -14: vipande vya kale vina vilele virefu juu ya sehemu za kimya, na ukivipandisha mpaka -14 vilele vitagonga dari na kukwaruza, kisha utailaumu albamu. Kosa la pili, na hili ndilo linaloharibu majaribio mengi, ni kukata vipande kwanza halafu kusawazisha. Kipande cha utangulizi kimya kitapandishwa mpaka kiwe na nguvu sawa na kilele, na safari yote imekufa. Sawazisha upande mzima wa albamu kama kitu kimoja, ndipo ukate.

Toleo nalo lina maana. Phaedra ipo katika matoleo mengi yaliyosafishwa upya, na katika sanduku kubwa la 2019, In Search of Hades, mwanamuziki Steven Wilson aliichanganya upya pamoja na Ricochet kutoka kwenye kanda zenyewe. Hiyo si Phaedra iliyosafishwa, ni mchanganyiko mwingine. Kabla ya kubishana, semeni mnashika toleo gani.

Kura ya siri

Vipande kumi, dakika nne kila kimoja. Si sekunde thelathini; muziki huu kwa sekunde thelathini haujavua hata viatu. Vitano vya 1974 hadi 1976, vitano vya 2017 hadi sasa. Mtu mmoja anacheza na hasikilizi kwa kura. Wengine, sita au wanane, wana karatasi mbili. Ya kwanza inauliza: cha kale au kipya? Ya pili inauliza: dakika nne zilipoisha, ulitaka kiendelee?

Kura iandikwe kabla mtu hajafungua mdomo. Mzee akishasema "hii ni takataka", kijana hana namna ya kuinua mkono, hata kama moyoni amekipenda.

Kuna vitu vinavyotoboa siri, na mchaguaji lazima aviepuke: kuvuma kwa utepe wa kanda kwenye sehemu za kimya, Mellotron, na fidla ya Yamane. Ukiviacha ndani, karatasi ya kwanza itapima ujuzi wa vyombo. (Fidla hiyo ingestahili makala yake. Sikio lililokulia kwenye orutu, fidla ya Wajaluo yenye uzi mmoja, huielewa haraka kuliko la mtu wa piano, jinsi inavyosugua noti badala ya kuigonga.)

Kuhusu hesabu, msijidanganye. Anayebahatisha kwa kurusha sarafu atapata nane au zaidi kati ya kumi karibu mara tano kwa kila majaribio mia. Mkiwa wanane chumbani, haitashangaza mmoja wenu akiipata kwa bahati tupu kisha aitangaze kama kipaji. Tisa ndipo muanze kumsikiliza. Kumi, mpeni kiti.

Karatasi ya pili ndiyo yenye maana. Mtu anaweza kukitambua kipande kwamba ni kipya na bado akataka kiendelee.

Hukumu yangu

Quantum Gate ya 2017 ndiyo inayotukanwa zaidi, na nadhani najua sababu. Ni albamu iliyojengwa vizuri. Kipande cha kwanza, Sensing Elements, kina zaidi ya dakika 13 na kinapanda kwa ustadi. Lakini mlolongo chini yake unafuata koadi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja: zamu ikifika, koadi inageuka na mlolongo mzima unageuka nao, kwa adabu. Kwenye Rubycon ardhi haigeuki. Rangi ndiyo inayogeuka juu yake, na hujui itageuka lini. Wanaosema Quantum Gate "inafanana na muziki wa filamu" wanasema jambo la kweli kwa neno baya. Wanamaanisha kwamba sikio linajua kinachokuja. Mtu wa ohangla, ngoma ya Wajaluo, aliyesikia kinanda kikichukua nafasi ya ngoma mbili na orutu atawaelewa bila maelezo: kila kitu kiko mahali pake, na hiyo ndiyo shida.

Raum ya 2022 ni habari nyingine. In 256 Zeichen inafikia dakika 19, na kipande chenye jina la albamu kinakaribia 15, na katika vyote viwili kundi limejiruhusu kungoja. Mlolongo unaachwa uzunguke mpaka uanze kusikika vingine bila kuguswa. Kuna jambo ambalo wanaohesabu kundi kuwa marehemu tangu 2015 hulipuuza: kwa Raum, wanamuziki walitumia mafaili ya Froese ya Cubase, programu ya kurekodia muziki, pamoja na hifadhi ya kanda alizorekodi kati ya 1977 na 2013. Mkono wa mzee umo ndani. Anayeapa kwamba anausikia kwenye Tangram na kwamba haumo kwenye Raum, namwalika kwenye karatasi ya kwanza.

Nikisukumwa ukutani nitasema: Raum inaifikia Stratosfear. Haiifikii Rubycon, na sidhani inajaribu.

Lakini mlinganisho wa haki si wa studio kwa studio. Phaedra kwa asili ni watu watatu wakihangaika na mashine isiyotii, papo kwa papo. Kitu kinachofanana na hicho leo kiko kwenye zile tungo za papo kwa papo ambazo kundi hupiga mwishoni mwa maonyesho, zilizoanza kutolewa 2017 kwa jina la Sessions. Hawana wimbo wa kurudia. Wanakubaliana machache kisha wanaingia, na mara nyingi inapita nusu saa. Osileta hazitelezi tena, ila watu wanateleza: mmoja anaingia mapema, mwingine anamfuata ili kosa lionekane ni kusudi, na kwa dakika mbili hakuna anayejua ufunguo ni upi. Ile hatari iliyokuwa kwenye joto la saketi imehamia mikononi. Zina dakika mbovu, tena nyingi. Ricochet nayo inazo, ila tumeshazizoea.

Kwa hiyo anayesema kundi la sasa haliwezi, na ushahidi wake ni Quantum Gate peke yake, hajaleta kesi. Na anayesema mpya imezidi ya kale kwa sababu inasikika safi zaidi amesifu kiwanda.

Kama una mchana mmoja tu: sehemu ya kwanza ya Rubycon, dakika 17 na kidogo. Kimya dakika tano, usizungumze. Kipande cha Raum. Kimya tena. Halafu Session moja nzima, bila kushika simu. Ukijumlisha na kusogeza wufa, ni kama saa moja na nusu. Anza saa nane mchana, Jumapili, stima ikiwa imetulia. Mvua ya Kisumu ikianza jioni juu ya mabati, zima chombo. Kelele yake inafunika masafa yote kwa usawa, na hakuna albamu ya mwaka wowote iliyowahi kuishinda.